Servisi ya Gari Mombasa: Kampuni Wakikuambia "Badilisha", Ukubali ama Ungoje? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanakuja kila wiki, na karibu yote yanaanza vile vile. Mtu amepeleka gari servisi ya kawaida, oili na filta tu, amerudi zake kazini, baada ya muda anapigiwa simu ati gari yako yataka hiki na hiki na kile, tuendelee? Bei ishapanda mara tatu na anayepiga simu anataka jibu sasa hivi. Hapa nikisema kampuni namaanisha dila mwenye jina la gari yake, na gereji ni gereji yoyote nyingine, ya ukuta au ya chini ya mwarobaini.

Sasa kampuni waaminiwe ama wasiaminiwe?

Usiamini mahali, pima pendekezo moja moja. Kwenye kotesheni moja waweza kukuta kitu cha lazima leo, kitu cha kungoja mwakani na kitu ambacho gari haina haja nacho, vyote vimechapwa kwenye karatasi moja na vinafanana kabisa. Kila mstari uuulize mambo mawili: kitabu cha gari kinasema nini kwa kilomita hizi, na fundi ameona nini kwa macho yake kwenye gari yangu. Mstari wenye jibu kwa moja ya hayo, hio ni kazi ya kweli, tafuta pesa. Mstari ambao jibu lake ni "ni vizuri tu kufanya" au "wateja wetu wengi wanafanya", huo ni biashara, waweza kungoja.

Na ujue yule wa kaunta anayekupigia simu mara nyingi siye aliyelala chini ya gari. Anasoma kile fundi aliandika kwenye jobu kadi, na sehemu nyingi hupewa marupurupu kwa mauzo. Haimaanishi anakudanganya, lakini ukitaka ukweli wa gari omba kuongea na fundi mwenyewe, na uende mpaka pale gari ilipoinuliwa. Fundi mwenye hoja atafurahi kukuonyesha, anaangaza tochi na kukuelezea mpaka utachoka wewe.

Kitabu chenyewe sina, na hata nilichonacho ni cha Kijapani

Hapa kwetu hili ndilo tatizo la wengi, maana gari zinashuka bandarini hapa hapa zikiwa zimetumika, sheria ya Kenya inaruhusu zisizozidi miaka 8, na zinakuja na makaratasi ya kwao. Lakini ile ya Kijapani usiitupe! Kuna kitabu kinene cha matumizi na kuna kingine chembamba cha matunzo, ratiba ya servisi iko kwenye kile chembamba. Fungua kamera ya simu na programu ya kutafsiri, elekeza kwenye jedwali, utasoma kilomita na miezi bila shida. Kama hakipo, Toyota wameweka vitabu vya magari yao ya Japani mtandaoni, unatafuta kwa jina la modeli na mwaka.

Kisha angalia fremu ya mlango wa dereva na ndani ya boneti. Wajapani wana tabia nzuri ya kubandika stika wakibadilisha oili, gia oili au taiming belti, na pale panaandikwa kilomita na tarehe. Wajapani huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wao, kwa hivo mwaka ukiandikwa R5 maana yake ni mwaka wa 5 wa enzi ya Reiwa, yani 2023, na H30 ni mwaka wa 30 wa enzi ya Heisei, yani 2018. Stika ikisema oili ilibadilishwa kwa kilomita 92,000 na dashibodi inakuonyesha 61,000, hapo una mazungumzo marefu na yule wa yadi aliyekuuzia.

Kampuni wanasema oili kila 5,000, mtandaoni watu wanasema 10,000 na zaidi. Nani mkweli?

Wote waweza kuwa wakweli, inategemea gari inavoishi. Vitabu vingi vina safu mbili, ya matumizi ya kawaida na ya matumizi magumu. Toyota za petroli zisizo na tabo kwa soko la Japani, kitabu husema kilomita 15,000 au mwaka mmoja kwa kawaida, na nusu yake, 7,500 au miezi sita, kwa ngumu. Sasa soma maelezo ya "ngumu" ni yapi: safari fupi fupi, injini kunguruma gari imesimama, mwendo wa pole kwa muda mrefu, vumbi na barabara mbovu. Huyo ni mtu wa Likoni anayengoja feri asubuhi na jioni. Ni mtu wa Mikindani aliyekwama nyuma ya malori Changamwe na eisii imewashwa. Kilomita zake ni chache lakini injini imefanya kazi masaa mengi, na mita ya kilomita haihesabu masaa.

Kwa hivo kwa gari ya mjini Mombasa kampuni wakikuambia 5,000 kwa oili ya minero, ile ya kawaida, siwezi kuwapinga, ni tahadhari ya haki. Lakini ukiwa umelipia oili ya sinthetiki kamili, ile ya bei, halafu wanakubandikia stika ya 5,000 kama kawaida, waulize kwa nini, maana hapo unalipa mara mbili kwa ulinzi ule ule. Na mwenye kwenda Voi na kurudi kila wiki kwa mwendo mmoja, gari yake haiko kwenye hali sawa na ya feri, kilomita zake ni laini.

Jambo jingine kwenye oili ni unene, na hapa kampuni mara nyingi wako sawa kuliko mtaani. Utasikia "Mombasa joto, weka 20W-50", yani oili nzito. Kwa injini ya zamani iliyochoka na inayokula oili, sawa, kuna sababu. Lakini Aqua, Fielder ya haibridi, Vitz ya karibuni, hizo zimetengenezewa oili nyepesi, 0W-20 au 5W-30, njia za oili ni nyembamba na mfumo wa valvu unategemea oili ifike haraka. Kitabu kimetaja ni zipi zinakubalika, fuata hapo hapo.

Gia oili je? Mmoja aniambia haibadilishwi kamwe, mwingine aniambia ibadilishwe sasa hivi

Hili swali nalipa uzito kuliko yote, maana ndilo linaloua gari hapa mjini. Maneno "ya maisha" kwenye gia oili soma kwa makini, maisha ya nani? Oili yoyote inayofanya kazi ndani ya joto huzeeka, na vitabu vingi ukifika kwenye safu ya matumizi magumu utakuta kilomita za kubadilisha, kuanzia 40,000 hivi mpaka 100,000 kulingana na gari. Kampuni wakikuambia muda umefika na kitabu kinakubaliana nao, usingoje gia ianze kuteleza.

Lakini kubadilisha kwenyewe ndiko kwenye hatari. Gia za CVT, yani otomatiki zinazotumia mkanda, zina oili yake peke yake na haichanganywi na ATF, oili ya gia za kawaida za otomatiki. Nissan wana NS-2 na NS-3, Honda wana HCF-2, Toyota wana CVT FE, na gia ya kawaida ya otomatiki ya Toyota za karibuni inataka WS. Fundi akikuambia "hii inaingia zote" mshukuru, chukua funguo zako. Ukitia oili isiyo yake kwenye CVT, mkanda wa chuma ndani unaanza kuteleza na kujikwaruza, na gia nzima ni bei ya kuuza kiwanja. Pia kipimo cha oili hizi kwenye gari nyingi hakina kijiti, hupimwa gia ikiwa na joto maalum, injini ikinguruma, gari ikiwa sawa sawa juu ya lifti. Kwa kazi hii moja mie naona kulipa bei ya kampuni, au gereji iliyo na skana na lifti na inakuonyesha kopo la oili kabla ya kulifungua, ni pesa halali kabisa. Na kama hujui historia ya gari na gia ishaanza kupiga teke, usikubali kusafishwa kwa mashine ya presha, mwaga na ujaze tu, kisha uangalie inavoenda.

Oili ya breki wameniambia ibadilishwe na breki zangu zashika vizuri. Si mauzo hayo?

Hapana. Oili ya breki, DOT 3 au DOT 4, inavuta unyevu kutoka hewani, na unyevu wa pwani twaujua, chumvi yenyewe inaganda kwenye kikopo. Maji yakiingia humo kiwango cha kuchemka kinashuka, ukiteremka Mazeras nyuma ya trela na umekanyaga breki muda mrefu, ile oili inachemka inakuwa povu na pedeli inazama mpaka chini. Mjini hutajua, breki zashika kila siku. Vitabu vingi vinasema kila miaka 2. Kuna kipimo kidogo kama kalamu cha kupima maji ndani ya oili, waombe wakuonyeshe.

Na kulanti? Fundi wangu atia maji tu miaka yote

Maji gani? Kama ni ya kisima cha mtaani, mengi hapa yana chumvi, hata sabuni haitoi povu. Yale yanakula alminiamu ya redieta na kuacha ukoko kwenye njia za injini, unaona gari inapandisha joto na fundi anabadilisha themostati wakati ugonjwa uko kwenye maji. Kampuni wakisema mfumo usafishwe na utiwe kulanti sahihi, kubali. Baada ya hapo ukae muda mrefu, ile ya pinki ya Toyota ikitoka kiwandani kitabu husema 160,000 kwa mara ya kwanza kisha kila 80,000, kwa hivo anayetaka kuibadilisha kila servisi anakuuzia.

Hizi nyingine: kusafisha nozeli, kuflashi injini, gesi ya eisii, naitrojeni kwenye taya?

Kusafisha nozeli zinazopuliza mafuta kwenye injini kama ratiba ya kila servisi, ngoja. Gari ikitetemeka, ikila mafuta ghafla, au skana ikionyesha kosa, hapo kuna sababu.

Kuflashi injini, yani kuiosha ndani kwa dawa, sipendi, hasa gari ambayo hujui ilikotoka. Uchafu ulioganda miaka mingi unaachia kwa mpigo na waweza kuziba chujio la pampu ya oili. Badilisha oili mapema mara mbili mfululizo, utasafika pole pole.

Gesi ya eisii haiishi kama mafuta. Ni mfumo uliofungwa. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na hapa kwetu kondensa ya mbele huliwa na chumvi. Anayekujazia kila mwaka bila kutafuta uvujaji anakuweka mteja wa kudumu. Na yale maji yanayodondoka chini ya gari ukiwa umewasha eisii ni kawaida, ni unyevu wa hewa.

Naitrojeni, hewa ya kawaida ni asilimia 78 naitrojeni tayari. Pima upepo mara kwa mara, inatosha.

Filta ya kabini, hii ni kweli inachafuka na ni ya lazima kwa kifua chako, lakini kwenye gari nyingi iko nyuma ya dashibodi upande wa abiria na unaitoa kwa mkono bila spana. Nunua ubadilishe mwenyewe.

Na wenye haibridi, wakikuambia kichujio cha feni ya betri kubwa kisafishwe, usikatae. Kiko karibu na siti ya nyuma, kinaziba vumbi na nyuzi za viti, betri inakosa hewa na kwa joto la hapa inakufa mapema. Kazi ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya hio betri.

Nitajuaje breki padi zimeisha kweli?

Omba namba kwa milimita. Mpya huwa kama 10 hadi 12, ikifika 3 badilisha. Fundi akisema "zimebaki kidogo" bila namba, mwambie apime mbele yako. Diski nayo imechapwa unene wa mwisho kwenye chuma chake, wakikuambia wataiskimu, yani kuichonga iwe laini, au waibadilishe, waulize imebaki ngapi. Kutu nyekundu juu ya diski asubuhi, kwa mtu anayelaza gari karibu na bahari Nyali au Bamburi, inaondoka ukikanyaga breki mara chache, usibadilishiwe diski kwa ajili hio.

Taiming belti wamesema 100,000 imefika, na gari inaenda vizuri

Kwanza uliza kama gari yako ina belti au cheni. Probox, Fielder na Vitz zenye injini ya 1NZ zina cheni, haina ratiba ya kubadilisha kwa kilomita, ukiuziwa taiming belti kwenye hio kuna shida kubwa pale kaunta. Subaru za zamani za EJ20 na Prado za dizeli za 1KD zina belti. Kwa Subaru hizo 100,000 ni kikomo cha kuheshimu, na kwa 1KD fuata kilomita za kitabu, maana belti haikohoi kabla ya kukatika, na ikikatika valvu zinagongana na pistoni. Fanya pamoja na wota pampu na rola, kazi ya kufungua ni ile ile moja.

Gari ni mpya na iko kwa waranti. Nikiitoa nje?

Soma kijitabu cha waranti kabla ya kufanya lolote, nyingi za hapa zinataka servisi zifanywe kwao na kilomita zisipitilize. Kaa nao mpaka waranti iishe. Lakini waranti inataka zile servisi za ratiba tu, haikulazimishi kununua usafi wa nozeli wala polishi. Zile za ziada kataa bila hofu, na uandikiwe kwenye karatasi kwamba servisi ya ratiba imekamilika.

Fundi wangu wa mtaani asema kampuni wote ni wezi

Na yeye ana biashara yake, usisahau. Kuna mafundi wazuri sana hapa mjini, watu waliokulia chini ya gari, wanajua Toyota kwa sauti tu. Lakini pia kuna anayekuambia "nipe pesa niende dukani mie" na duka linampa chake, na kuna anayekutia filta feki na kukurudishia boksi la orijino. Oili feki zipo, za kujazwa kwenye makopo yaliyotumika. Nenda dukani mwenyewe, au naye, fungua kopo mbele yako, na likiisha litoboe.

Pendekezo likiwa kubwa na wote wawili hawakubaliani, lipia ukaguzi peke yake kwa mtu wa tatu ambaye hatafanya kazi yenyewe. AA ya Kenya, chama cha wenye magari, wanakagua magari, na gereji zenye skana zinakubali. Mtu asiyepata chochote ukisema ndio, maneno yake huwa mepesi kuamini.

Mie ni mwanamke, nikienda wanaongea na kakangu hata gari ikiwa yangu

Dadangu hili lanikera na lipo kweli. Waambie tangu mwanzo simu zote zije kwako na jobu kadi iwe kwa jina lako na sahihi yako. Ukipigiwa, sema "niandikie kwa WhatsApp na picha ya spea yenyewe, ntakujibu". Hujamtukana mtu, na picha haijali nani anaitazama. Utashangaa mistari mingapi hupotea kwenye kotesheni mtu akiambiwa alete picha.

Nikikataa watafanya kazi vibaya ama watanifanyia kwa nguvu?

Kukataa ni haki yako. Sema tu "fanyeni oili na filta, haya mengine nipeni kwa maandishi, ntarudi". Sheria ya kulinda watumiaji ya Kenya ya mwaka 2012 inagusa ukarabati wa magari waziwazi, habari ya makadirio ya bei, idhini ya mwenye gari kabla ya kazi, na spea za zamani kurudishwa. Kwa hivo ukiacha gari sema mapema, "spea zote mlizotoa niwekee kwa buti". Hio sentensi moja inafanya kazi kubwa.

Isipokuwa kama ni usukani, breki, taya iliyoonyesha nyuzi, uvujaji wa mafuta, au taa nyekundu ya oili au joto. Hizo usiondoke nazo kwa sababu ya kutafuta bei. Ya njano yaweza kungoja siku chache, nyekundu zima gari.

Betri ina miaka miwili na nusu na wanataka kuibadilisha

Yawezekana, joto la hapa linaua betri kuliko baridi. Lakini ipimwe. Gari ikiwa imelala usiku kucha iwe karibu volti 12.6, injini ikiwaka iwe kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Kisha wasafishe vichwa vya nyaya kama vina ule unga wa kijani na mweupe, mara nyingi gari ilikuwa inakataa kuwaka kwa ajili ya huo unga tu.

Wananiuzia anda-koti ya kuzuia kutu. Nichukue?

Hapa pwani ina maana, kuliko Nairobi, hasa gari za kulala Mtwapa au Nyali zinazopigwa na upepo wa bahari. Sharti ni moja, chini kuoshwe kwa maji safi, kutu ikwanguliwe na pakauke kabisa kabla ya kupakwa. Wakipaka juu ya kutu na unyevu wamefungia maradhi ndani na hutaona mpaka chuma kitoboke. Waombe picha za chini kabla na baada, na kama hawataki kupiga picha basi pesa hio peleka kwa kuosha chini ya gari kila baada ya wiki chache, hasa ukiwa umepita kwenye maji ya mafuriko ya masika.